Kujua na Kugeuza: Wajibu Wetu kwa Mgonjwa Asiyeweza Kujigeuza

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kusimama mbele ya darasa akafundisha mnyambuliko wa vitenzi, na aghalabu hutumia mifano ya jikoni: pika, pikia, pikwa, pikisha. Katika makala haya tunapenda kuchukua mfano mwingine, ambao darasani huonekana mdogo, lakini katika wodi ya hospitali ni jambo la uhai na mauti. Mtu mwenye afya hugeuka. Alalapo usiku hugeuka mara nyingi bila ya kujua, kwa kuwa mwili wenyewe humgutusha kidogo na kumwambia kwamba upande huu umechoka. Mtu aliyepooza, au aliyepoteza fahamu, au mzee aliyedhoofika kupita kiasi, hageuki. Hana budi kugeuzwa. Na penye mtu wa kugeuzwa ni lazima pawe na mtu wa kugeuza. Hivyo kitenzi kimoja, kwa kubadilishwa sauti chache tu, kimetutoa katika habari za mwili na kutuingiza katika habari za wajibu.

Tunalokusudia kulizungumza ni tatizo la vidonda vya kulalia, yaani vidonda vimpatavyo mgonjwa akaaye mahali pamoja kwa muda mrefu. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa nchi zenye mitambo mingi wametengeneza vihisi, ambavyo ni vidude vidogo vya kuvaliwa na mgonjwa, viwezavyo kutambua amelala upande gani na tangu lini. Tena wamezifundisha kompyuta kukadiria ni mgonjwa yupi aliye karibu kupata kidonda kabla kidonda chenyewe hakijaonekana. Swali letu si la ufundi, maana mafundi wapo. Swali letu ni la maadili: kifaa kinapojua kwamba mgonjwa hajageuzwa, ni nani aliyejua? Na kujua huko kunamdai nani?

Kidonda chenyewe

Mwili wa binadamu umeumbwa kubeba uzito wake, lakini si kwa kuutua mahali pamoja siku nzima. Mtu alalapo chali, uzito hukaa hasa juu ya mifupa iliyo karibu na ngozi: kisogo, mabega, viwiko, mfupa wa mwisho wa mgongo juu ya makalio, na visigino. Alalapo ubavu, uzito huhamia kwenye nyonga na vifundo vya miguu. Nyama na ngozi iliyobanwa baina ya mfupa na godoro hukosa damu, kwa sababu mishipa iliyo midogo kabisa imezibwa na mgandamizo. Nyama isiyopata damu hukosa hewa na chakula, na baada ya saa chache huweza kuanza kufa. Mara nyingi hufa kwa ndani kwanza, karibu na mfupa, wakati ngozi ya juu ingali nzima. Kwa hiyo aonaye kidonda leo huenda anaona matokeo ya jambo ambalo halikutendwa siku mbili tatu zilizopita.

Jasho, mkojo, kukokotwa juu ya shuka, na upungufu wa chakula huzidisha ubaya. Wataalamu huvigawa vidonda hivi katika daraja nne. Katika daraja ya kwanza ngozi haijatoboka, ila imebadilika rangi, na rangi hiyo haiondoki hata ukiibonyeza kwa kidole. Katika daraja ya nne kidonda kimekwisha fika kwenye msuli au mfupa. Kidonda cha namna hiyo huweza kuchukua miezi mingi kupona, na vijidudu vikiingia katika damu humwua mgonjwa ambaye maradhi yaliyomleta hospitali hayakumwua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu hutokea upande wa nyuma wa ukuta, mahali ambapo mwenye nyumba hapaoni.

Ajali ya maumbile au uzembe wa watu?

Ubishi juu ya vidonda hivi ni wa zamani, na tangu mwanzo ulikuwa ubishi wa kimaadili. Katika karne ya 19, Jean-Martin Charcot, tabibu mashuhuri wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alifundisha kwamba vidonda vitokeavyo upesi kwa mgonjwa aliyeumia ubongo au uti wa mgongo vilitokana na kuharibika kwa mishipa ya fahamu yenyewe. Kwa maoni yake vilikuwa ishara ya kifo kinachokaribia, na muuguzi hakuwa na la kufanya. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1853, Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Mauritius katika bahari yetu hii ya Hindi, alikuwa amekwisha eleza majaribio yake juu ya wanyama waliokatwa uti wa mgongo: wakiwekwa pasafi, pakavu na pasipo mgandamizo, hawakupata vidonda. Naye Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alishikilia kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kulalia, lawama kwa kawaida si ya ugonjwa bali ni ya uuguzi.

Twaona basi mafundisho mawili. La kwanza humtua muuguzi mzigo na kumwacha mgonjwa afe. La pili humtwika muuguzi mzigo na kumpa mgonjwa matumaini. Hatuna haki ya kuchagua fundisho kwa sababu ya wepesi wake. Sharti tuulize lipi ni la kweli. Jibu lililo wazi lilipatikana Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa Februari 1944, Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939, alifungua idara ya watu walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Kabla ya hapo askari wengi waliojeruhiwa namna hiyo walikuwa wakifa kwa vidonda na kwa maradhi ya njia ya mkojo, na watu wakiamini kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Guttmann aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Hakuwa na dawa mpya. Alikuwa na saa ya ukutani na watu waliokubali kuamka. Wagonjwa waliokuwa wakingojewa wafe walianza kurudi kwenye maisha, kazi na hata michezo, na kutokana na mashindano aliyoyaanzisha hapo mwaka 1948 ndipo ilipochipuka Michezo ya Olimpiki ya walemavu.

Lakini tusiikaze kamba mpaka ikatike. Mwaka 2010 baraza la wataalamu wa Marekani washughulikiao vidonda hivi lilikubali kwamba viko vidonda visivyoepukika hata mgonjwa akitunzwa ipasavyo, hasa pale ambapo moyo hausukumi damu ya kutosha, au pale ambapo mgonjwa hawezi kuguswa bila ya kuhatarisha maisha yake. Baraza hilo hilo, mwaka 2016, lilibadili jina: mambo haya yasiitwe tena vidonda, bali yaitwe majeraha. Sababu yao ilikuwa ya kitaalamu, kwamba katika daraja ya kwanza ngozi haijatoboka, na lisilotoboka halifai kuitwa kidonda. Kwetu sisi tushughulikao na lugha, mabadiliko hayo yana uzito zaidi. Katika Kiswahili kidonda chaweza kumtoka mtu chenyewe. Jeraha ni jambo jingine. Mtu hujeruhiwa, na sikio la Mswahili likisikia kwamba fulani amejeruhiwa, mara moja huuliza: na nani? Hilo ni swali ambalo hospitali nyingi zingependa lisiulizwe, na ambalo kihisi kinaelekea kulijibu.

Kifaa na kazi yake

Kwa muda mrefu zana za muuguzi zilikuwa saa, daftari na macho yake. Mwaka 1962 muuguzi Mwingereza Doreen Norton pamoja na wenzake walitoa kipimo cha kumwezesha muuguzi kutambua mapema mgonjwa aliye hatarini. Kipimo hicho kilitazama mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kuweza kujigeuza kitandani, na kuweza kuzuia haja. Kila jambo lilipewa alama 1 hadi 4, na mgonjwa aliyepata 14 au chini ya hapo katika 20 alihesabiwa kuwa hatarini. Mwaka 1987 huko Marekani Barbara Braden na Nancy Bergstrom walitangaza kipimo chao cha mambo sita, nacho kimeenea sana ulimwenguni. Vipimo hivi ni vyema, lakini vyamhitaji mtu wa kuvijaza, na katikati ya kujaza mara moja na mara ya pili hakuna anayetazama.

Kihisi hutazama wakati wote. Hubandikwa kifuani pa mgonjwa, na ndani yake mna chombo kitambuacho mwili umeinama upande gani. Habari hurushwa bila waya hadi kwenye kompyuta ya wauguzi, na hapo jina la mgonjwa huonyeshwa kwa rangi, kijani ikiwa muda wa kugeuzwa haujafika, na nyekundu ikiwa umepita. Mgonjwa akijigeuza mwenyewe, saa huanza upya. Pamoja na hayo, kompyuta hupewa kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa waliotangulia: umri wao, mapigo ya moyo, damu, chakula, dawa, na ni nani kati yao aliyepata kidonda. Kompyuta huchambua kumbukumbu hizo, hutafuta mambo yaendayo pamoja, kisha aletwapo mgonjwa mpya hukadiria hatari yake. Huko ndiko kuitwako kujifunza kwa mashine.

Je, vifaa hivyo vinafaa? Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Stanford, California, kwa wagonjwa 1,312 wa wodi za mahututi. Wagonjwa waligawanywa kwa kura katika makundi mawili, na wote walivalishwa kihisi. Kwa kundi moja wauguzi waliona habari za kihisi. Kwa kundi la pili habari ziliwekwa lakini wauguzi hawakuonyeshwa, wakaendelea na desturi yao. Katika kundi la kwanza wagonjwa 5 walipata vidonda. Katika kundi la pili walipata 15. Katika kundi la kwanza ratiba ya kugeuzwa ilifuatwa kwa asilimia 67 ya muda. Katika la pili kwa asilimia 54.

Hatuwezi kuyadharau matokeo hayo. Kila mmoja wa wale watu ambao hawakupata kidonda ni mtu aliyeepushwa na maumivu, na pengine na kifo. Asemaye kwamba mashine haina nafasi kando ya kitanda kwa kuwa haina moyo, na aende akamwambie hivyo mgonjwa aliyepona.

Kujua si kutenda

Hata hivyo tuzitazame tena hesabu hizo. Katika kundi lililobahatika, kwenye hospitali tajiri ya nchi tajiri, wauguzi wakiwa na kioo kiwaonyeshacho kila kitu, bado katika theluthi moja ya muda mgonjwa hakugeuzwa kwa wakati wake. Tena jaribio lilionyesha kwamba mgonjwa alipogeuzwa, kiasi cha kugeuzwa hakikutofautiana baina ya makundi mawili. Kifaa kiliwafanya wauguzi wageuze mara nyingi zaidi. Hakikuwafanya wageuze vizuri zaidi. Kuna umbali baina ya kujua na kutenda, na umbali huo haufupishwi na umeme.

Tumfikirie muuguzi mmoja mwenye zamu ya usiku. Ana wagonjwa wengi kuliko awezavyo kuwatunza. Kioo chamwonyesha majina matatu mekundu. Mmoja ni mtu mzito ambaye hawezi kugeuzwa na mtu mmoja bila ya kuburuzwa, na kuburuzwa ndiko kuchuna ngozi. Wakati huo huo mgonjwa wa nne anapumua kwa shida. Muuguzi huyu hapungukiwi na habari. Amepungukiwa na mikono. Kwake kihisi ni mtu wa kumhesabia madeni asiyoweza kuyalipa. Kengele zikizidi, sikio huzizoea, na mwisho mtu hasikii hata ile iliyo ya kweli. Jambo hili linajulikana sana katika wodi za mahututi, wala si dalili ya ubaya wa tabia. Ni udhaifu wa kila binadamu.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Wanafalsafa wengi wameshikilia tangu zamani kwamba mtu halaumiwi kwa kuacha kutenda lisilowezekana. Kwa hiyo deni la kujua humfuata mwenye uwezo wa kutenda. Zamani mkuu wa hospitali aliyeweka muuguzi mmoja mahali pa watatu aliweza kusema, “Sikujua kwamba wagonjwa hawageuzwi, daftari lilisema wamegeuzwa.” Penye kihisi udhuru huo umekwisha. Kila dakika aliyokaa mgonjwa bila ya kugeuzwa imeandikwa. Mwenye kusoma habari hizo na asiongeze watu, wala asipunguze kazi, hajanunua uuguzi, amenunua shahidi. Na ni ajabu ya mambo kwamba mtu aweza kulipa fedha nyingi kumnunua shahidi atakayeshuhudia dhidi yake mwenyewe.

Ni nani aliyeifundisha mashine?

Twajua sisi walimu kwamba mwanafunzi hujifunza pia makosa ya mwalimu wake. Mashine ni mwanafunzi mtiifu mno: hujifunza yaliyoandikwa, wala haina njia ya kuuliza kama yaliyoandikwa ni kweli. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walifundisha kompyuta kukadiria ni wagonjwa gani wa homa ya mapafu walio katika hatari ya kufa. Kompyuta ikagundua kwamba wenye pumu hufa kwa uchache kuliko wengine. Ukweli ulikuwa kwamba wenye pumu walipelekwa moja kwa moja kwenye wodi ya mahututi, wakatunzwa sana, ndiyo sababu wakapona. Lau mashine ingaliachiwa iamue, ingaliwarudisha nyumbani watu waliohitaji msaada kuliko wote. Hatari hiyo hiyo iko katika vidonda vya kulalia. Mgonjwa dhaifu aliyegeuzwa kwa bidii hakupata kidonda. Mashine isiyojua habari ya bidii hiyo itasema kwamba wagonjwa wa namna yake hawana haja ya kugeuzwa.

Mfano wa pili wauma zaidi. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichunguza programu iliyotumiwa na hospitali nyingi za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu ilipima haja ya mgonjwa kwa gharama alizotumiwa zamani. Kwa kuwa Wamarekani weusi walitumiwa fedha chache zaidi wakiwa na ugonjwa ule ule, mashine ilidhani wana afya bora. Watafiti walikadiria kwamba lau kosa hilo lingeondolewa, sehemu ya weusi kati ya waliochaguliwa ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi asilimia 46.5. Mwaka uliofuata, 2020, ulitangazwa uchunguzi juu ya kile kifaa cha kubana kidoleni kipimacho hewa katika damu. Kati ya wagonjwa ambao kifaa kilisema hali yao ni ya kuridhisha, asilimia 11.7 ya weusi kwa kweli walikuwa na upungufu mkubwa wa hewa, na kwa weupe asilimia 3.6. Kifaa hicho hupitisha mwanga katika ngozi, na ngozi nyeusi haikufikiriwa vya kutosha.

Jambo hili linahusu mada yetu moja kwa moja. Dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia imeelezwa katika vitabu kuwa ni wekundu wa ngozi. Wekundu huo huonekana wazi kwa mtu mweupe. Kwa mtu mweusi mara nyingi hauonekani. Muuguzi asiyefundishwa haandiki kitu, na daftari lisiloandikwa kitu huwa mwalimu wa mashine. Mashine nayo hujifunza kwamba ngozi nyeusi haina tatizo mpaka tatizo limekuwa shimo.

Shahidi wa nani?

Iko hatari nyingine, kwamba shahidi huyu atatumiwa dhidi ya mnyonge. Tangu tarehe 1 Oktoba 2008 bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee iliacha kuilipa hospitali gharama za ziada za vidonda vya daraja ya tatu na ya nne vilivyompata mgonjwa akiwa humo humo hospitalini. Kusudi lilikuwa jema: asiyeziba ufa asilipwe kwa kujenga ukuta. Lakini fedha zikishaingia katika jambo, kila mtu hutafuta wa kumtwika lawama, na kumbukumbu za kihisi ni rahisi kuzitumia kumwadhibu muuguzi wa zamu ya usiku kuliko kumwuliza mkuu aliyepanga zamu. Kihisi kionyeshacho kwamba mgonjwa wa kitanda cha tano hakugeuzwa hakionyeshi kwamba muuguzi alikuwa kwenye kitanda cha tisa akimfumba macho marehemu. Haki yataka kumbukumbu zisomwe pamoja na hesabu ya watu waliokuwapo kazini.

Na mgonjwa mwenyewe je? Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgonjwa ndiye alalaye. Yeye aweza kuwa na upande usiomwuma, na kuchagua kulala hapo. Mtu aliye katika siku zake za mwisho aweza kuomba asisumbuliwe tena, kwa kuwa kila akigeuzwa hupata maumivu makali, naye hana miezi ya kukiogopa kidonda. Kioo kitasema nyekundu. Muuguzi mwenye busara atatazama uso wa mgonjwa, ataongeza mto, atainua visigino kidogo, ataandika alichofanya na kwa nini, na atamwacha apumzike. Lau angalitii rangi tu, angalimtesa mtu kwa ajili ya ratiba. Ndiyo maana ridhaa ya mgonjwa, au ya nduguze akiwa hana fahamu, haina budi kutangulia, na ndiyo maana neno la mwisho halifai kuwa la kifaa.

Na sisi je?

Huenda msomaji akauliza mambo haya yatufaa nini sisi, ambao katika hospitali zetu nyingi godoro jema lenyewe ni shida. Twajibu kwamba yatufaa kwa njia mbili.

Kwanza, fundisho kubwa la vihisi halihitaji kihisi. Lililowaokoa wagonjwa wa Stoke Mandeville ni saa, mikono na nia, na nia yetu ni ile ile. Katika nchi zetu kazi kubwa kando ya kitanda hufanywa na ndugu wa mgonjwa: mama, mke, dada, mtoto aliyeacha shule kwa muda. Ndugu huyu yuko pale usiku kucha, na ana mikono miwili ambayo hospitali nyingi za Ulaya hazina. Lakini mara nyingi hakuna aliyemweleza kwamba kumwacha mgonjwa alale kimya mahali pamoja, kwa huruma, ni kumdhuru. Anadhani kutomgusa ndiyo heshima. Huyu ndiye mtu ambaye maarifa yakimfikia, umbali baina ya kujua na kutenda unakuwa mfupi kuliko mahali pengine popote. Hatusemi haya ili serikali zipumzike kuajiri wauguzi na kumwachia ndugu kazi isiyo na malipo. Kanuni ile ile tuliyoitaja, ya deni kumfuata mwenye uwezo, inazidai serikali kwanza. Twasema kwamba mgonjwa wa usiku huu hawezi kungoja bajeti.

Pili, maarifa hayamfikii mtu ila kwa lugha, na hapo ndipo kazi yetu ilipo. Katika nchi zetu hizi, maagizo ya hospitali aghalabu huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, hali ndugu aliyekaa kitandani anaelewa Kiswahili. Tena hata yatafsiriwapo, hutafsiriwa neno kwa neno. Mtafsiri hukuta pameandikwa kwamba dalili ya kwanza ni wekundu, naye huandika: tazama kama ngozi ina wekundu. Mama hutazama mgongo mweusi wa mwanawe, haoni wekundu, hushukuru Mungu, na kulala. Mtafsiri huyo, pasipo kukusudia, amefanya kosa lile lile la mashine: amechukua maarifa yaliyokusanywa kwenye ngozi nyingine na kuyaleta yalivyo. Tafsiri iliyo ya kweli ingesema hivi: tazama kama pana mahali palipokuwa peusi zaidi au pa zambarau kuliko pengine, pitisha kiganja usikie kama pana joto au baridi kuliko pembeni, kama pamekuwa pagumu au pamelegea, muulize kama panauma, kisha usimlaze tena upande huo mpaka pawe pamerudia hali yake. Maneno hayo hayamo katika kitabu cha kigeni kwa mpangilio huo, lakini yote ni Kiswahili cha kila siku, na kila mama ayaelewa.

Tunawaomba basi walimu wenzetu mambo mawili. Mnapofundisha utungaji wa maagizo, acheni kwa muda maagizo ya kupika chai na kutengeneza baiskeli, mkawape wanafunzi kazi ya kuandika maagizo ya kumgeuza mgonjwa, kwa maneno ambayo bibi asiyesoma akisomewa ataelewa. Pelekeni kazi hizo kwa muuguzi wa karibu nanyi azisahihishe kabla hazijatumika, kwa maana katika jambo hili kosa la lugha laweza kuwa kosa la tiba. Na mnapofundisha mnyambuliko, mwelezeni mwanafunzi kwamba kuuguza kumetokana na kuugua, kama kugeuza kulivyohusiana na kugeuka. Anayeuguza ni mtu aliyeingia katika ugonjwa wa mwenzake bila ya kuugua yeye, akafanya kwa mikono yake yale ambayo mwili wa mwenzake umeshindwa kuyafanya.

Vihisi vitaendelea kuwa vidogo zaidi, na bei yake yamkini itashuka, na siku moja vitafika kwetu. Vikifika tuvipokee, tuulize vilifundishwa juu ya ngozi za nani, na tuulize pia ni watu wangapi walioajiriwa kuzitazama rangi zake. Hata kabla havijafika, kila alalaye usiku huu pasipo uwezo wa kujigeuza anastahili mtu mmoja wa kumgeuza, na mtu huyo anastahili kuelezwa la kufanya kwa lugha anayoielewa.